Nyumba ya mlimani ijipashe joto, jiko libaki nje

KILA mwaka, baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia Limuru, Kijabe, Ngong na kwenye miinuko mingine ya nchi yetu, husikika habari ile ile ya kuhuzunisha. Familia imekutwa imezirai au imefariki chumbani. Mlango na madirisha yamefungwa barabara, na kando ya kitanda lipo jiko la makaa. Majirani husema kwamba jioni walizungumza nao wakiwa buheri wa afya.

Lawama zote huangukia jiko. Ni kweli kwamba jiko ndilo lililotoa sumu. Hata hivyo, ni vyema kuuliza swali moja zaidi: ni nini kilichowafanya watu wale waliingize jiko mahali pa kulala? Aghalabu jibu ni nyumba yenyewe. Ilijengwa mahali penye baridi kana kwamba inajengwa Mombasa: paa la mabati bila dari, kuta nyembamba, madirisha yanayolipa jua kisogo, na ukuta wa nyuma unaotoa jasho la unyevu mwaka mzima.

Watu wengi wa mjini siku hizi wananunua ploti kwenye miteremko ili kuepuka kelele na moshi wa magari. Wanataka mandhari, miti na hewa safi. Hayo yote yanapatikana. Lakini nyumba ya mlimani ikichorwa bila kuujua mlima, mwenyewe hulipa mara mbili: kwa stima na makaa ya kujipasha joto, na kwa hospitali. Ikichorwa vizuri, mlima humpa joto, maji, upepo na mwangaza bila malipo ya kila mwezi.

MUUAJI ASIYENUSIKA

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hujishikiza kwenye chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu hubaki ikizunguka, lakini haibebi tena hewa ambayo ubongo na moyo huihitaji.

Wengi hudhani kwamba jiko likishakolea na moshi kuisha, hatari nayo imekwisha. Hilo ni kosa kubwa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo bado hutoa gesi hiyo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala huenda asizihisi kabisa. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi na umkimbize hospitali ambako atapewa oksijeni.

Moshi wenyewe, ule unaoonekana, nao una madhara yake ya polepole. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kuni, makaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa, ilihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Zaidi ya 237,000 kati ya waliofariki walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimonia, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu ni miongoni mwa magonjwa yanayotajwa.

Kwa hivyo kuhifadhi nishati nyumbani si suala la kupunguza bili pekee. Nyumba inayojipasha joto yenyewe humwondolea mtu kishawishi cha kufunga madirisha na kuwasha jiko chumbani.

HEKIMA YA WAZEE

Kuishi mlimani si jambo la kigeni kwetu. Katika ukingo wa Bonde la Kerio, Wamarakwet wamejenga kwenye mteremko kwa vizazi vingi. Kule chini bondeni kuna joto kali na mbu waletao malaria, na hiyo ni mojawapo ya sababu za watu kupendelea kukaa juu zaidi. Waliinua kuta za mawe ili kupata jukwaa tambarare la kujengea kibanda, badala ya kuuchimba mlima wote. Mifereji yao ya kale huteremsha maji ya mito kutoka juu hadi mashambani bila pampu yoyote, kwa mvuto wa ardhi tu.

Humo mna mafunzo matatu ambayo mchoraji wa nyumba ya kisasa angefaa kuyazingatia: chagua kimo kinachofaa afya yako, gusa mlima kidogo iwezekanavyo, na uache maji yafanye kazi yanapoteremka.

Lakini mlima hauna mzaha. Usiku mmoja wa Novemba 2019, maporomoko ya udongo yaliua makumi ya watu katika kaunti ya Pokot Magharibi baada ya mvua kubwa. Aprili 2020, maporomoko mengine yalifagia soko la Chesogon, mpakani mwa kaunti hiyo na Elgeyo Marakwet. Kwa hivyo kabla ya kuzungumzia madirisha na mapazia, sharti tuizungumzie ardhi.

ISOME ARDHI KABLA YA KUNUNUA

Usinunue ploti ya mlimani kwa kuitazama siku moja ya kiangazi. Rudi wakati wa mvua ya masika uone maji yanapita wapi. Waulize wakazi wa siku nyingi kama ardhi imewahi kuteleza, na kama kuna chemchemi zinazofumka mvua inapozidi.

Zipo ishara ambazo hata asiye mhandisi anaweza kuziona: miti iliyoinama yote upande mmoja, nguzo za ua zilizopinda, nyufa ndefu ardhini na kuta za majirani zilizopasuka kwa mshazari. Mahali penye ishara hizo hapafai nyumba, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani. Epuka pia mdomo wa korongo, yaani pale ambapo bonde dogo la mlimani humwaga maji yake.

Kisha fikiria baridi. Kwa kawaida halijoto hupungua kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi ipo kwenye kimo cha karibu mita 1,700 na Limuru ipo juu ya mita 2,200. Tofauti hiyo ni kama digrii 3. Yaonekana ndogo, lakini aliyelala chini ya mabati matupu mwezi wa Julai anaijua vyema.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka mlimani polepole kama maji. Hujikusanya chini bondeni, na ndiyo maana sakitu huunguza majani chai ya mabondeni kabla ya yale ya juu. Kileleni nako upepo hauna kizuizi. Kwa hivyo sehemu ya katikati ya mteremko ndiyo yenye nafuu zaidi. Na ukijenga ua wa mawe upande wa chini wa nyumba, acha nafasi za hewa kupita. Ua usio na upenyo huizuia hewa baridi ikatuama kama bwawa mlangoni pako.

JUA LINAPITA WAPI?

Vitabu vingi vya ujenzi vilivyoandikwa Ulaya husema madirisha makubwa yaelekee kusini. Ushauri huo unafaa kule, si hapa. Nairobi ipo karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini. Kwa kuwa baridi yetu ya miinukoni hufika Juni hadi Agosti, upande wa kaskazini ndio unaopata jua katika miezi inayolihitaji.

Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, nalo huingia moja kwa moja kupitia madirisha ya mashariki na magharibi. Mahali pa baridi, vyumba vya kulala vikielekea mashariki hukaushwa na jua la asubuhi. Sebule ikielekea magharibi au kaskazini-magharibi huvuna joto la alasiri, wakati ambapo ukungu wa asubuhi umekwisha kuondoka. Stoo, bafu na ngazi ziwekwe upande usiopata jua.

Kama mteremko wako upo sehemu ya joto, mathalan kando ya Voi au chini ya ukingo wa Kerio, fanya kinyume. Pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, pande fupi mashariki na magharibi, na paa litokeze mbele ili kuta zikae kivulini.

Mwangaza wa jua una faida nyingine. Vijidudu vya kifua kikuu havistahimili jua na hewa inayosonga, ilhali huning'inia kwa muda mrefu katika chumba chenye giza kilichofungwa. Nyumba yenye mwangaza wa kutosha mchana pia haihitaji taa hadi jua litue. Usiku, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

KUTA, PAA NA HEWA

Ukuta mzito wa mawe ya kuchonga au wa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine hufanya kazi kama chungu. Hupata joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Matofali ya kushindiliwa yana faida zaidi kwa kuwa hayachomwi, hivyo hayamalizi kuni. Mara nyingi udongo mwekundu wa papo hapo hufaa, ukichanganywa na simiti kidogo, lakini kwanza upimwe.

Hata hivyo ukuta mzuri hauna maana ikiwa joto lote latoroka kupitia paa. Bati peke yake hukaanga watu mchana na kuwagandisha usiku. Alfajiri mvuke wa pumzi hugusa bati baridi na kudondoka kitandani kama matone ya mvua. Weka dari, na juu ya dari tandika kitu kinachozuia joto kupita. Ikiwa fedha ni chache, anzia vyumba vya kulala. Dari huleta nafuu kubwa kuliko karibu kitu kingine chochote cha bei kama hiyo.

Nyumba yenye joto isigeuke kuwa chupa iliyozibwa. Ziba mianya ya chini ya milango inayopitisha upepo miguuni, lakini acha matundu ya kudumu juu ya ukuta, yenye wavu wa kuzuia mbu. Hewa ya moto hupanda. Katika nyumba iliyojengwa kwa madaraja kufuata mlima, hewa safi huingia kupitia madirisha ya chini, hupanda pamoja na ngazi, na ile iliyotumika hutokea juu. Hapo hakuna feni wala stima iliyotumika.

Jikoni pawe na dohani au dirisha kubwa, hata kwa wanaopikia gesi. Jiko lililoboreshwa, lile la bati lenye kauri ndani, hupunguza makaa yanayotumika lakini haliondoi sumu. Mahali pake ni jikoni penye hewa au nje, si chumbani.

ADUI ALIYE NYUMA YA NYUMBA

Kosa linalotokea mara nyingi sana kwenye miteremko ni kuchimba mlima wima na kuegemeza ukuta wa nyuma kwenye udongo. Maji yanayopita chini ya ardhi hupenya ukutani. Rangi hubambuka, kuvu nyeusi huota nyuma ya kabati, na nguo hunuka uvundo. Kwa mwenye pumu, hasa mtoto, chumba kama hicho ni mateso. Chembechembe za kuvu huchokoza njia za hewa, na mtoto hukohoa kila usiku huku dawa zikibadilishwa bila nafuu.

Tiba yake ni ya ujenzi. Gawanya nyumba katika viwango viwili au vitatu vinavyofuata mlima, au uinue sehemu yake juu ya nguzo, ili uchimbaji uwe mdogo. Kati ya ukuta wa nyumba na mlima uliochimbwa, acha nafasi ya mtu kupita, yenye mtaro wa kuondoa maji. Ukuta wa kushikilia udongo uchorwe na mhandisi na uwe na matundu ya kutolea maji, kwa sababu ukuta uliozuia maji ndio huanguka. Utando wa kuzuia unyevu uwekwe juu ya msingi kabla ya mawe kuendelea.

Usikubali fundi aliyesawazisha ploti kwa udongo wa kujazia akaweka msingi juu yake. Msingi lazima ufike kwenye ardhi imara ambayo haijawahi kuguswa. Tafuta msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na upate idhini ya kaunti kabla ya kuanza kuchimba. Gharama ya msingi mlimani huwa kubwa kuliko ya uwanda, na ni afadhali kupunguza ukubwa wa nyumba kuliko kupunguza msingi.

Kumbuka pia kwamba wenye nyumba watazeeka. Kiwango kinachoingilia kutoka barabarani kiwe na chumba kimoja cha kulala na choo, na kila ngazi iwe na mahali pa kushika. Ngazi zinazowafurahisha vijana huwavunja wazee nyonga.

MAJI YATEREMKE KWA MPANGO

Milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa la mita 100 za mraba hupokea lita 100,000. Hata tukiondoa sehemu ya tano inayopotea, hubaki lita 80,000.

Tangi likiwekwa upande wa juu wa ploti, maji hushuka hadi bombani yenyewe. Kila mita moja ya kimo huongeza nguvu ya maji, na mita tano hadi kumi hutosha kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani bila pampu. Maji ya paa la chini yanaweza kumwagilia bustani iliyo chini zaidi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri mbu wasitagie humo, na maji yanayofurika yapelekwe kwenye mtaro, yasiachwe yalowanishe mteremko.

Choo na shimo la kunyonyea maji taka viwe upande wa chini wa kisima, si chini ya umbali wa mita 30. Mtazame pia jirani aliye chini yako. Kinachotoka kwako huenda kikafika kisimani mwake, naye ana watoto wanaoweza kuugua kipindupindu au homa ya matumbo.

Maji ya kuoga ni mlaji mkubwa wa stima. Kupasha lita 100 kutoka digrii 18 hadi 50 huhitaji karibu yuniti 4 za umeme, kila siku. Mtambo wa jua wa paani hufanya kazi hiyo bila pampu ikiwa tangi lake lipo juu ya vioo, kwa kuwa maji ya moto hupanda yenyewe. Katika miinuko yetu uelekezwe kaskazini kidogo ili uvune jua la miezi ya baridi.

MITI NI SEHEMU YA NYUMBA

Wengine huanza kwa kung'oa kila mti, kisha hununua maua ya vyunguni. Mizizi ya miti na nyasi ndiyo inayoushika mlima. Acha miti ya asili iliyopo, panda nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiver kwenye kingo, na ufanye matuta ya kufuata usawa wa mlima. Miti mirefu kama mikaratusi iwe mbali na nyumba, kwani dhoruba huivunja.

Faida ya miti haiishii kwenye udongo. Mwaka wa 1984, mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi kuhusu wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 waliokuwa na dirisha linalotazama miti walilinganishwa na wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa chache za nguvu za kutuliza maumivu. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, lakini uliwafanya wasanifu wengi wa hospitali wafikirie upya madirisha. Dirisha la chumba chako, hasa cha mgonjwa au mzee, litazame kitu kinachoota.

KAMA UMESHAJENGA, AU UNAPANGA

Si kila msomaji ana ploti. Wengi ni wapangaji, au walishajenga. Hata hivyo yapo ya kufanya kabla ya Juni ijayo.

Anza na dari ya chumba cha watoto. Ondoa udongo uliorundikana kwenye ukuta wa nyuma na uchimbe mtaro. Sogeza makabati mbali kidogo na ukuta wenye unyevu ili hewa ipite. Badilisha bati moja la sebuleni kwa lile la plastiki linalopitisha mwangaza. Fungua mapazia mchana jua liingie, na uyafunge kabla ya magharibi. Tandika mkeka au zulia sakafuni. Usiku vaa soksi, ongeza blanketi, na utumie chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa.

Kama mwenye nyumba ameziba matundu ya hewa, zungumza naye ayafungue. Na baridi ikizidi, washeni jiko nje, mwote moto pamoja mkizungumza, kisha mwende kulala na kuliacha huko huko nje. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa maji au mchanga, na mwenye kufunga mlango awe wa mwisho kuhakikisha kwamba jiko halikuingia naye ndani.